Chai ya Nyumba Nne

Kila siku baada ya swala ya alasiri mama yangu hutoka kwangu kwenda kusalimia. Anazunguka nyumba nne, zote za wanawake wa rika lake, wajane kama yeye, wote wa mtaa wetu mmoja hapa Isiolo, upande wa soko la mifugo. Nyumba nne ni vikombe vinne vya chai, ukimkuta mwenyeji ana haraka. Wengi hawana haraka.

Na chai ya kwetu, kama huijui, sukari haiji kando na kijiko ukaamua mwenyewe. Inachemshwa humo humo na maziwa na majani, inaingia kwenye chupa, na chupa inamngoja mgeni tangu asubuhi. Ukifika unamiminiwa. Ukimaliza cha kwanza ukafunika kikombe kwa mkono, utaulizwa ni nani amekukosea katika nyumba hii.

Mama yangu ana ugonjwa wa sukari. Hapo ndipo hasira yangu ilipoanzia, na sijui kama imeisha.

Kidonda kilianza kwenye kidole gumba cha mguu wa kushoto. Ndara ya plastiki ilimchuna na yeye hakuhisi, kwa sababu nyayo zake zilikuwa zimekufa ganzi siku nyingi na hakumwambia mtu. Nilikuja kugundua nilipokuwa nakunja mkeka wake, nikaona doa la usaha mahali anapolaza mguu. Nikamrudisha kliniki, anakotibiwa sukari tangu kabla ya Ramadhani. Nesi wa pale, mama mmoja wa kutoka Meru, hana maneno mengi, aliushika mguu kwa mikono miwili, akaugeuza huku na huku.

"Mama, nitakwambia ukweli, usinikasirikie," alisema. "Sukari ikibaki hapa ilipo, kidole hiki hakiponi. Kisipopona, kinakatwa. Na wakianza na kidole huwa hawaishii kwa kidole."

Mama akaniangalia mimi kana kwamba maneno yametoka kwangu. Tukapewa vidonge vipya na dawa ya kusafisha kidonda, tukaambiwa turudi kila baada ya wiki mbili. Njiani alisema jambo moja tu: "Kidole hiki kimetembea kutoka Merti mpaka hapa nyuma ya ng'ombe. Leo kinanitia aibu."

Watu huniambia ni uzee. Naomba mtu asiniambie hivyo tena. Mama yangu hajafika sabini. Alipokuwa na umri wangu alikuwa anaamka na kwenda kuchota maji mbali kiasi cha kurudi jua likiwa kichwani, amebeba mtoto na mtungi, na chakula chake kilikuwa maziwa, nyama ikipatikana, na njaa isipopatikana. Hakuna mtu aliyekuwa mnene wakati huo. Ukame ulipomaliza ng'ombe, akaja mjini, na mji ukampa kiti cha plastiki, wali, chapati, na chupa ya chai. Mtu anayekuja kumwamkia mzee haji mikono mitupu, ni heshima, anakuja na kilo mbili za sukari. Ndugu zangu wakituma kitu kutoka Merti kwa lori, ni nyama kidogo na sukari nyingi. Sisi tunamheshimu mama yetu mpaka tunamkata miguu. Hilo niliwahi kumwambia kaka yangu mkubwa kwa simu na akanikatia.

Mimi nilisoma hadi kidato cha nne. Najua kusoma. Basi nikaingia kwenye simu. Nilimpata daktari mmoja, sijui kama ni daktari kweli, amevaa koti jeupe na nyuma yake kuna kabati la vitabu, na kila video yake inaanza kwa kusema hospitali inatibu majani, yeye anatibu mzizi. Alikuwa anafundisha jinsi ya kuzeeka bila magonjwa. Nilimsikiliza dukani kwangu, ninauza madira, yale magauni mapana ya wanawake, pale sokoni, na wateja walikuwa wanangoja mpaka amalize.

Mengi aliyosema yalikuwa kweli, nitakuwa mwongo nikikataa. Punguza wanga. Tembea. Usile na kulala hapo hapo. Lakini akifika kwenye chakula chenyewe, nilikuwa nataka kuingia ndani ya simu nimshike koti. Samaki wa maji baridi. Mafuta ya zeituni. Mboga za rangi tano kila siku. Matunda fulani madogo ya buluu ambayo sijawahi kuyaona hata kwenye picha ya kalenda. Halafu anatabasamu anasema, "Na muhimu zaidi, punguza mawazo." Ng'ombe wote wamekufa, binti anauza dira moja kwa wiki, punguza mawazo.

Nikaanza na mboga. Nikanunua spinachi kwa wale mama wanaoteremsha mizigo kutoka milimani, nikaipika vizuri na kitunguu, nikamwekea mama kwenye sahani. Aliitazama muda mrefu.

"Hii ni nini?"

"Mboga, mama. Inashusha sukari."

"Haya majani mbuzi alishakula kwa niaba yangu. Niletee mbuzi."

Binti yangu, ambaye ana miaka mitatu na anamwita bibi yake akko, alicheka mpaka akapaliwa. Tangu siku hiyo na yeye hali mboga.

Kitu kimoja tu cha yule daktari wa simu kilimpendeza mama. Kulikuwa na video ambamo alisema habari za kufunga. Kwamba mwili ukipumzika bila chakula unajisafisha wenyewe, sukari inashuka, mtu anazeeka taratibu na akili timamu. Nilimtafsiria mama Kiborana, neno kwa neno, nikiwa na furaha, kwa sababu hatimaye mtu mwenye koti jeupe alikuwa anasema kitu ambacho sisi tunacho. Mama alikuwa anasokota kamba. Akasema, "Hiyo tulijua kabla ya mama yake kumzaa." Akaendelea kusokota. Mimi nikaweka simu chini, nikaenda kumwogesha mtoto. Nilisahau.

Vita vyetu vilikuwa juu ya chai. Nilimwambia, kataa.

"Nikatae vipi?"

"Sema umekatazwa na daktari."

"Yule wa nyumba ya kwanza, mimi na yeye tulikuja mjini pamoja. Nilipokuwa naumwa na wewe uko tumboni, alinipikia yeye. Sasa niingie kwake nimwambie chai yako itaniua?"

"Ndiyo. Sema hivyo hivyo."

"Wewe ulisoma," alisema mama, na ile namna alivyolisema lile neno ilinikata kuliko kofi. "Wewe una watu kwenye simu. Mimi watu wangu ni hawa."

Nikafanya ujinga. Nikamkataza kutoka. Nilimwambia mpaka kidonda kipone, wao waje kwetu, na chai ya kwangu haina sukari. Walikuja siku ya kwanza. Walionja, wakaangaliana, wakaongea habari za mvua dakika tano, wakaenda zao. Siku ya pili hakuja mtu. Mama akakaa kwenye kiti cha plastiki anaangalia mlango, hasemi, hali vizuri, halali vizuri. Siku ya nne kaka yangu akapiga simu kutoka Merti.

"Nimesikia umemfungia mama ndani kama kuku."

"Nani amekwambia?"

"Na umemnyima chai. Unataka watu waseme watoto wake wamefilisika?"

"Kidole chake kinaoza, kaka. Njoo ukione kidole."

"Mzee anaachiwa mambo yake," alisema. "Mwaka uliobaki ni wake na Mungu."

Nilimuuliza ni nani aliyemwambia umebaki mwaka. Nikamuuliza kama wakati mama anakatwa mguu yeye ndiye atakayembeba chooni au ni mimi. Alisema nina mdomo mrefu na huo mdomo ndio utakaonifukuzisha kwa mume. Ndivyo tunavyoongea kwetu juu ya afya.

Lakini nesi naye alisema nimekosea. Alisema mama atembee, viatu viwe vya kufunika, na kukaa peke yake kutwa nzima si dawa kwa mtu wa umri huo. Basi nikamnunulia raba nyeusi za wanafunzi, laini ndani, nikamwachilia. Nikamwomba tu. Kikombe kimoja, mama. Nusu. Chochote.

"Nimesikia," alisema. "Nitalitafutia njia yake."

Wiki mbili baadaye sukari ilikuwa imeshuka. Nesi alipima mara mbili kwa sababu hakuamini. Akaniuliza tumefanya nini, na mimi, Mungu anisamehe, nikajaa kichwa. Nikamwelezea spinachi. Nikamwelezea raba. Nikamwambia kuna daktari fulani kwenye simu. Nilivyokuwa najisifia pale, mama alikuwa amekunja mikono, kama mtu anayesikiliza habari za jirani.

Na nyumbani mambo yalikuwa mazuri pia. Mtoto wangu, ambaye kumlisha ni kazi ya kumkimbiza uani na kijiko, alianza kunawiri. Mashavu yalijaa. Nikija kutoka sokoni saa nane kula nakuta sahani zote mbili ni nyeupe, ya bibi na ya mjukuu. Niliwaambia wenzangu sokoni mtoto wangu siku hizi anakula kama kijana wa jeshi. Hakuna aliyenipa mimi akili ya kuuliza.

Siku yenyewe ilikuwa Jumatano, alasiri imeshapita. Rafiki mkubwa wa mama, yule aliyekuja naye mjini, akanipigia.

"Funga duka uje. Mama yako anaongea na watu sisi hatuwaoni."

Nilikimbia bila kufunga duka. Nilimkuta amelala kwenye mkeka wa yule mama, amelowa jasho dira zima, mikono inatetemeka, ameuma meno. Rafiki yake amempakata kichwa, amemgeuza ubavu, ana kisahani cha sukari pembeni. Alikuwa anachovya kidole kwenye maji, kisha kwenye sukari, anampaka mama ndani ya shavu, kwenye ufizi. Anachovya, anampaka. Hakuwa na haraka wala hakupiga kelele. Mimi ndiye niliyekuwa napiga kelele, nikamwambia aache, hiyo sukari ndiyo inayomuua.

"Nyamaza," alisema bila kuniangalia. "Hii si ile ya kupanda. Hii imeshuka. Tafuta gari."

Kabla gari halijafika mama alifumbua macho. Alilamba midomo. Akatuangalia sisi wawili, na neno lake la kwanza lilikuwa, "Mmenifungulisha."

Sikuelewa. Rafiki yake ndiye aliyeniambia, tukiwa ndani ya gari, mama ameegemea bega langu. Kwamba mama ana wiki tatu anafunga. Kila siku isipokuwa Ijumaa. Kila nyumba aliyoingia, chupa ilipofunguliwa, alisema, "Nimefunga, nalipa siku zangu za Ramadhani." Na aliyefunga hamiminiwi chai, wala haulizwi amekosewa na nani. Anaheshimiwa zaidi. Anaombwa dua. Ramadhani iliyopita kliniki ilimkataza asifunge, kwa hivyo ni kweli siku alikuwa nazo za kulipa. Mama yangu si mwongo. Hakutaka kumdanganya mtu kwamba amefunga, basi akafunga kweli. Alfajiri mimi nikiwa bado nimelala alikunywa uji mwepesi, akameza vidonge vyake kama alivyoagizwa, kwa sababu ni mtu wa kufuata maagizo, na chakula chake cha mchana akamlisha mjukuu wake.

Hayo ndiyo mashavu niliyokuwa najivunia.

Kliniki nesi alipandisha sauti kwa mara ya kwanza. "Amemeza vidonge halafu hali kutwa nzima? Wiki tatu? Mama, ungekufa. Ungekufa kabla ya hicho kidole."

Mama alikuwa amelala, sindano ya maji mkononi. Alinyoosha kidevu kuelekea kwangu. "Huyu alinisomea," alisema. "Kutoka kwenye simu. Kwamba kufunga kunashusha sukari. Kumeshusha."

Nesi akanigeukia. Nilitaka kusema mambo mengi. Nilitaka kusema yule mtu wa koti jeupe hakutaja vidonge, na nilipokuja kuitafuta tena ile video nikakuta ni kweli hakutaja, anaongea na watu wazima wenye afya wanaotaka tu kupunguza tumbo. Nilitaka kusema sikumwambia afunge, nilimsomea tu. Lakini nani alimsomea? Nesi akasema, akiwa amepoa kidogo, kufunga si jambo baya kwa kila mtu, na akitaka kufunga kuna namna ya kupangwa na dawa kubadilishwa, ila ni lazima waambiwe kabla. "Mtuambie," alisema. "Nyinyi hamtuambii. Mnakuja hapa mnasema ndiyo daktari, ndiyo daktari, mnaenda nyumbani mnafanya yenu."

Kesho yake mama akiwa bado wodini nikamwacha mtoto kwa jirani, nikaenda kwenye zile nyumba nne mimi mwenyewe. Sikuwa naenda kusalimia. Nilikuwa nimeshapanga maneno njiani. Nitawaambia chai yao imemlaza mama yangu hospitali na nisione tena mtu anamimina.

Nikaanza kwa rafiki yake. Salaam aleikum nilitoa kama mtu anayetupa jiwe. Aliniitikia, akaniketisha, akashika chupa.

"Usinimiminie," nilisema. "Nimekuja kuuliza kitu kimoja. Jana ulijuaje?"

"Nilijua nini?"

"Kwamba imeshuka. Mimi mtoto wake sikujua. Wewe ulijuaje?"

Aliweka chupa chini. Akavuta kanga yake mbele, akafungua fundo la pembeni. Ndani kulikuwa na karatasi ya nailoni, na ndani ya nailoni kulikuwa na vidonge. Vile vile. Rangi ile ile, umbo lile lile.

"Mwaka wa sita," alisema. "Mimi nimeanguka mara mbili. Binti yangu ndiye aliyefundishwa kunipaka."

"Mama anajua?"

"Atajuaje?"

"Na hii chai unayokunywa naye kila siku?"

Aliniangalia kama anavyoangaliwa mtoto asiye na adabu. "Anakuja kwangu akiwa na njaa ya maongezi. Nimpe maji meupe? Nimimine yake tamu, yangu kavu, aseme namficha kitu?"

Nyumba ya pili nilienda nikiwa nimepungua sauti. Nilimwambia tu mama yuko hospitali, ni sukari. Yule bibi akaguna, akasema, pole, na yangu nayo inanisumbua macho. Alisema hivyo kama mtu anayetaja mvua. Alikuwa anachukua dawa Kinna, kwa mwanawe, anapanda gari safari nzima ile ili asionekane kwenye foleni ya hapa na watu wakasema amekwisha. Nyumba ya tatu ilikuwa presha na sukari pamoja, na yule hakuwa anameza chochote, alikuwa amechoka.

Wanawake watatu na mama yangu wa nne. Kwa miaka, kila alasiri, wamekaa wakimiminiana kitu ambacho kila mmoja alijua kinamla mwenyewe, na kila mmoja akamaliza kikombe chake kwa heshima ya mwenzake. Nilikaa kwenye kizingiti cha ile nyumba ya tatu nikacheka. Kisha nikalia, na yule bibi akaniuliza kama nimekula tangu asubuhi.

Nyumba ya nne ni ya mkubwa wao. Yeye hana ugonjwa wowote. Ana meno yake yote na anapanda ngazi ya paa kuanika nyama mwenyewe. Nilimweleza yote, na ya wenzake pia, nikasema liwalo na liwe. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo hawa wote walikuwa wanakuja kwangu kunywa sumu na kusema asante."

"Ndiyo, akko."

"Na hakuna aliyefungua mdomo."

"Hakuna."

"Basi na mimi siwajui," alisema. "Nyumbani kwangu chai ni chai. Asiyeiweza akae kwao." Akanimiminia kikombe, na mimi niliyekuja kugombana nikakinywa chote.

Mama alitoka hospitali siku ya tatu. Dawa zimebadilishwa, na nimepewa kadi ya kliniki ya kuandika anachokula na kunywa. Kidole bado kipo. Nakisafisha mwenyewe kila jioni, kimeanza kukauka pembeni, katikati bado kibichi, na nesi hataki kuniahidi kitu. Siri zimeshatoka, na zile nyumba tatu sasa zinachemsha chai kavu, isiyo na sukari. Walilalamika wiki nzima, wakasema ni kama kunywa maji ya kuoshea sufuria, halafu wakawa wanaulizana namba zao za sukari kama vijana wanavyoulizana matokeo ya mtihani. Sasa wanaenda foleni pamoja, siku moja, na wanajaza benchi zima.

Yule wa nne alinuna siku tisa. Siku ya kumi akatuma mtu aulize mbona hawaonekani, na mama akavaa raba zake akaenda. Nilikuwa naanua nguo aliporudi. Midomo ilikuwa inang'aa.

"Umekunywa ngapi, mama?"

"Nusu."

"Wallahi nusu?"

Alikaa kwenye kiti, akaanza kufungua kamba za raba taratibu, mguu wa kushoto kwanza. "Nusu," alisema. "Halafu akaniongezea nusu."

Niliweka nguo chini, nikaenda kuleta maji ya chumvi na ile kadi ya kliniki niandike.